Simu ni Yako, Waliomo Ndani ni Wengi

Hotuba kwa wanachama wa tawi, mkutano wa Jumamosi, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa tawi, katibu, wanachama wenzangu, habari za asubuhi. Wenzetu wa zamu ya usiku nawaona, mmetoka lindoni mkaja moja kwa moja na sare zenu. Poleni na kazi. Mwenyekiti amenipa nusu saa, lakini mkianza kusinzia nitajua imetosha.

Kila mwenye simu janja aitoe aishike mkononi. Ingieni kwenye Mipangilio, kisha Programu, mtafute ile mliyoambiwa na ofisi muipakue: ya mahudhurio, ya mauzo, ya doria, yoyote ile. Ukiipata, gusa palipoandikwa Ruhusa. Nani amefika wa kwanza? Mama pale mstari wa mbele, hebu tusomee kwa sauti.

"Mahali. Kamera. Anwani. SMS."

Asante. Na programu yenyewe kazi yake nini? Kusaini asubuhi na jioni. Haya. Mahali naelewa, wanataka kujua umefika. Kamera naelewa pia, unajipiga picha ili mwenzako asikusainie ukiwa bado uko kitandani, mchezo ambao tunaujua na wengine humu tumeucheza. Lakini hiyo Anwani ni majina na namba zote ulizohifadhi kwenye simu. Za kusainia nini? Na SMS je? Daftari la mahudhurio lilikuwa linasoma barua zako?

Mama, maswali mawili ya mwisho nikuache upumzike. Simu hiyo ni ya ofisi? "Yangu, nimechukua kwa mkopo." Yaani unalipa kidogo kidogo, na ukichelewa inajifunga. Na bando? "Langu." Nimekuelewa. Usiifunge hiyo kurasa, tutairudia.

Nikizungumza jambo hili kwenye matawi, hakosekani mtu wa kusema: mimi sina la kuficha, bosi akitaka kuona aone. Anasema kwa kujiamini kabisa, na ninaamini anasema kweli. Yeye hana. Ila simu ya mtu wa kwetu haikai na mtu mmoja. Wewe ni katibu wa kikoba, humo mna orodha ya wanachama na nani anadaiwa kiasi gani. Mdogo wako alipokwenda kliniki hakuwa na simu, akaandikisha namba yako, kwa hiyo meseji ya kumkumbusha tarehe ya dawa inaingia kwako. Mtoto wa darasa la nne anafanyia kazi za shule kwenye simu hiyo hiyo na picha zake zimo, hadi zile za kuogeshwa kwenye beseni. Halafu ziko meseji za M-Pesa na mitandao mingine ya pesa, kila moja na jina la aliyetuma, kiasi, na salio lililobaki. Mtu akizisoma za wiki mbili tu anajua mshahara wako unakata tarehe ngapi, unadaiwa wapi, unamtunza nani kijijini, na msiba wa nani ulichangia.

Watu wote hao hawana mkataba na mwajiri wako. Hawajamwona, hawajui jina lake, halipi hata senti ya chakula chao. Wewe ukigusa neno Ruhusu, unawafungulia mlango ambao wao hawakuulizwa.

Naomba niwape la kwangu. Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kufundisha wanachama nilikuwa afisa mauzo kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa mjini. Jina halina umuhimu. Ruti yangu ilikuwa Mbagala hadi Kongowe, maduka kwa maduka, na tulipewa programu ya kuweka kwenye simu zetu wenyewe. Ukifika dukani unabonyeza umefika, ukiondoka unabonyeza umeondoka. Sitadanganya, niliipenda. Zile kadi za ruti tulizokuwa tunajaza kwa kalamu ndani ya daladala ziliisha, na ugomvi wa kamisheni ukapungua, maana oda ilionekana ni ya nani.

Jumapili moja nilimsindikiza dada yangu hospitali. Lilikuwa jambo lake, hajamwambia hata mumewe, alinichagua mimi peke yangu. Tulikaa pale tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya timu nzima, msimamizi wetu akaniuliza: "Jana ulikuwa unamuuguza nani?" Nataka mnielewe hapa. Hakuuliza kwa ubaya. Aliona kidoti changu, kile kinachoonyesha kwenye ramani ya programu mahali nilipo, kimekaa hospitali siku nzima, akaingiwa na huruma, akaniuliza kama anavyouliza mtu mwenye utu. Nikababaika, nikasema dada hajisikii vizuri.

Kwenye timu ile alikuwepo kijana anayekaa mtaa mmoja na shemeji zangu. Haikufika Ijumaa, upande wa mume wakapiga simu kumpa pole. Pole ya nini, mume anauliza, na yeye ndiyo kwanza anasikia. Dada yangu aliamini mimi ndiye niliyesema. Ningemwambia nini? Kwamba ni simu? Ilipita miezi minne bila kupokea simu zangu, na hadi leo kuna mambo hanielezi.

Baadaye ndipo nilijifunza kilichotokea. Ile programu ilipewa ruhusa ya kuona mahali nilipo wakati wote, hata ikiwa imefungwa na mimi nimelala. Ingeweza kupewa ruhusa ya kuona pale tu ninapoitumia, na kazi ingefanyika vilevile. Simu za Android tangu toleo la 10, la mwaka 2019, zinakupa uchaguzi huo, na za iPhone zinao pia. Ni mguso mmoja wa kidole. Hakuna aliyetuambia, na nadhani hata msimamizi mwenyewe hakujua.

Sasa sheria. Nitajaribu kutowachosha.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, pamoja na maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Sikilizeni ilivyopangwa: hujamaliza kutajwa wewe, imeshataja familia na unyumba. Ibara hiyo iliingia kwenye Katiba mwaka 1984 pamoja na haki nyingine za msingi, wakati simu za mkononi hazijafika nchini, lakini waliokaa wakaiandika walijua maisha ya mtu hapa kwetu yana watu wangapi ndani yake.

Kisha tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, siku yetu wenyewe ya Mei Mosi, ingawa sikumbuki bango hata moja uwanjani lililoitaja. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Kwa sheria hii mwajiri anayekusanya taarifa zako ni mkusanyaji kama benki au kampuni ya simu ilivyo mkusanyaji, na anatakiwa kujisajili kwa Tume. Anachokusanya kiwe na sababu inayoeleweka, kitoshee sababu hiyo tu, na uambiwe ni cha nini. Kusaini mahudhurio kwa kusoma SMS hakupiti hapo.

Kuna taarifa ambazo sheria inaziita nyeti. Humo zimo za afya, za watoto, miamala ya fedha ya mtu, alama za mwili kama vidole na sura, na hata uanachama wa chama cha wafanyakazi. Hizo, ukiondoa mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja, hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenye taarifa. Rudini kwenye orodha niliyowapa ya vitu vilivyomo kwenye simu zenu mtazame vingapi vinaangukia humo.

Na hapa kwenye neno ridhaa ndipo mwajiri atakapokujia. Atasema: mbona ulikubali mwenyewe, ulibonyeza. Ndugu zangu, mtu anayeambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu asiye na programu hatahesabika amefika kazini, huyo amekubali au amelazimika? Kodi ya nyumba inamsubiri. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya mwaka 2019 inasema wazi kwamba anayedai amepewa ridhaa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa kwa hiari. Na kwenye suala la majina yaliyohifadhiwa kwenye simu wamefika mbali zaidi. Mwaka 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwatumia walalamikaji meseji za vitisho. Mkopo wa mtu mmoja, vitisho kwa mwingine. Ni yale yale ninayowaambia.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana humu ndani tuna wasimamizi nao ni wanachama. Mwajiri ana haki ya kujua kama mlinzi yuko lindoni au amejikunja kwenye kochi la jirani. Mafuta yanaibwa. Wafanyakazi hewa wapo. Mimi sikuja kumtetea mtu anayesainiwa. Ninachouliza ni kwa nini kila kitu kiingie kupitia simu yangu. Pikipiki ya ofisi inaweza kufungwa kifaa cha GPS, na ikilala gereji usiku kinaonyesha gereji, hakinifuati nyumbani. Lindo linaweza kuwa na simu moja ya lindo, anayeingia anaipokea kwa anayetoka pamoja na funguo na kitabu cha matukio. Mashine ya vidole ikikaa getini inabaki getini.

Hoja hii imeshasikilizwa mahakamani. Kule Hispania, Telepizza iliwataka vijana wanaopeleka piza waje na simu zao wenyewe zenye intaneti na wapakue programu ya kuonyesha mahali walipo wakiwa njiani. Vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani. Februari 2019 mahakama inayoitwa Audiencia Nacional ikaubatilisha mpango huo, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi. Waajiri waliambiwa lengo lenyewe halali, mteja kujua chakula chake kiko wapi si kosa, ila njia ipo isiyomwingilia mfanyakazi, mfano kuweka kifaa kwenye pikipiki. Na wakakemewa kwa jambo jingine: hauwezi kumwajiri mtu halafu ukamgeuzia mzigo wa kuleta vitendea kazi.

Na kuna mama mmoja wa California, Marekani, alikuwa afisa mauzo kama mimi, kwenye kampuni ya kutuma pesa. Kwa maelezo yake mahakamani, bosi alijisifu kwamba anajua hata mwendo wa gari lake saa yoyote, kazini au nje ya kazi. Mama hakukataa kufuatiliwa saa za kazi. Alikataa saa zake. Akaifuta programu, akafukuzwa Mei 2014. Alishtaki, wakaja kuelewana nje ya hukumu. Namtaja kwa sababu alifanya kitu ambacho wengi wenu mnawaza kukifanya sasa hivi na vidole vyenu mnavyo hapo juu ya skrini. Msiifute. Kwa hapa kwetu ukiifuta kimyakimya utaandikiwa barua ya kujieleza kwamba umekaidi agizo halali, na wewe huna karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba uliuliza.

Uliza kwanza, kwa maandishi, na usiulize peke yako. Barua ya mtu mmoja inajibiwa kwa kuhamishwa lindo. Barua ya tawi inajibiwa kwa barua. Tuulize programu inachukua nini na kwa kazi gani. Inafanya kazi saa ngapi, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku, na saa 24 kwa wiki, na sioni kidoti changu kinavyopumzika kama kinaendelea kutazamwa. Nani huko makao makuu anaziona hizo taarifa, na kampuni iliyotengeneza programu inazihifadhi nchi gani. Nikiacha kazi zinafutwa lini. Na bando analipa nani. Hili la mwisho mnaliona dogo, lakini pigeni hesabu ya bando la mwezi kwa walinzi 200, mtaona ofisi imehamishia kwenu gharama ya nani.

Kama lazima iwe simu yako, kuna kitu cha kumwomba fundi wa kompyuta wa ofisi. Simu nyingi za Android zinaweza kutengwa sehemu ya kazi, programu zake zikawa na alama ndogo ya mkoba. Ofisi inasimamia vilivyomo ndani ya hiyo sehemu, picha zako na meseji zako hazigusi, na ukiacha kazi wanafuta ya kwao tu. Simu za bei ya chini kabisa wakati mwingine haziwezi. Ila mkiona programu inaomba kuwa msimamizi wa kifaa, simameni hapo hapo muulize. Ruhusa hiyo inaweza kumpa mtu uwezo wa kufuta simu yote kutoka mbali, na picha za marehemu baba yako hazina nakala nyingine.

WhatsApp nayo, kwa sababu nikiondoka bila kuitaja mtanilaumu. Hiyo ndiyo programu ya kazi kuliko zote nchini na haipo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Unaajiriwa leo, jioni umeingizwa kwenye grupu la watu 140, na wote sasa wana namba yako. Dada zetu mnajua kinachofuata: "Mambo, nimekuona kwenye grupu." Meseji ya bosi inaingia saa 5 usiku, ukiisoma tiki zinageuka bluu, asubuhi unaulizwa uliona ukanyamaza. Aliyefukuzwa Machi bado yumo grupuni Agosti anasoma zamu za walinzi. Wauguzi wananiambia hata picha za vidonda vya wagonjwa zinarushwa humo "kwa ushauri". Kwa hili sihitaji kuwasubirisha sheria. Tawi likae na uongozi, grupu la kazi liwe la matangazo tu, wanaotuma wawe wachache wanaojulikana, zamu zisitumwe baada ya saa 2 usiku isipokuwa kuna dharura, na anayeondoka kazini aondolewe siku hiyo hiyo. Wapo waliokubali hayo kwa kikao kimoja cha chai.

Wakikataa kujibu barua, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na mtu akiachishwa kazi kwa sababu ya jambo hili asikae nyumbani akiomba wazee wamuombee msamaha. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe ndani ya siku 30. Nimeona kesi nzuri zikifa siku ya 41.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, mzee wangu.

"Mimi natumia kitochi. Msimamizi ananiambia mwisho wa mwezi niwe nimenunua simu janja, la sivyo nitafute kazi nyingine. Nina miaka kumi na moja pale."

Shikamoo, mzee. Amekwambia kwa mdomo? "Kwa mdomo." Basi mwombe akuandikie. Mwambie kwa heshima tu, mzee amesahau, naomba karatasi ili niwaonyeshe nyumbani kwa nini natoa pesa ya ada kununua simu. Mara nyingi hataandika. Akiandika, ilete hapa kwa katibu siku hiyo hiyo pamoja na nakala ya mkataba wako, tuone mahali gani paliandikwa kwamba simu ni sharti la kazi yako. Na wengine wenye mikataba majumbani, ileteni Jumamosi ijayo, tutaipitia mmoja mmoja.

Mama wa mstari wa mbele, kurasa bado iko wazi? Ondoa ruhusa ya SMS. Ondoa na ya Anwani. Sasa rudi uifungue programu yenyewe. Inafunguka?

"Inafunguka. Inaniletea pale pa kusaini."

Usiguse, mama! Wataona uko mkutanoni.